Freeciv usiku wa kwanza: mwenzako haoni mchezo wako, na shida nyingine za wanaoanza

Laptopu nne mkekani, simu moja imewashwa hotspoti, na watu wanne wanaulizana, "Umeniona? Mbona mimi sikuoni?" Mmoja amebofya "Start New Game", ramani imefunguka, walowezi wake wako ufukweni wanangoja amri. Wengine watatu wanakodolea macho orodha tupu. Baada ya saa nzima ya kuzima na kuwasha, mtu anakunja laptopu yake na kusema kitu cha bure kina mambo yake.

Nimeuona usiku huo mara nyingi, na mara ya kwanza aliyekunja laptopu nilikuwa mimi. Kumbe mchezo haukuwa na kosa. Freeciv, mchezo wa bure wa zamu ambamo unajenga miji na himaya, ulioanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, ni programu mbili tangu mwanzo wake. Kuna seva, inayoshika ramani, sheria na zamu. Halafu kuna programu ya mchezaji, ile yenye picha na vitufe, ambayo kazi yake ni kukuonyesha yale seva inayoiambia na kupeleka amri zako. Hata ukicheza peke yako dhidi ya kompyuta, zote mbili ziko kazini, ila moja imejificha. Basi kila kitu kinapokwama jiulize kwanza: kilichokwama ni seva au ni upande wangu?

Maandishi ya vitufe nayaacha kwa Kiingereza ili uyaone kama yalivyo kwenye skrini.

Mchezo umefunguka kwako, wenzako hawauoni

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ukibofya "Start New Game", programu yako inawasha seva ya chinichini kwa ajili yako peke yako. Seva hiyo imefungiwa ndani ya mashine yako, haisikilizi mtu yeyote wa nje. Tena haitumii poti (namba ya mlango ambao programu hupokelea wageni) ya kawaida ya Freeciv, ambayo ni 5556, bali inachukua nyingine iliyo wazi, mara nyingi 5557. Wenzako wanaweza kuandika anwani yako mpaka kuche, hakuna atakayefunguliwa.

Dawa ni kuiwasha seva mwenyewe. Kwenye Windows itafute "Freeciv server" katika menyu ya programu. Kwenye Linux fungua dirisha la amri uandike:

freeciv-server -p 5556

Litatokea dirisha la maandishi lenye alama ya > inayosubiri. Watu wengi hapa wanadhani limekwama na kulifunga. Usilifunge! Hiyo ndiyo seva yenyewe. Lipunguze, kisha fungua programu ya mchezaji, na hata wewe mwenyeji uingie kama mgeni: "Connect to Network Game", mahali pa seva andika localhost, yaani mashine hii hii, poti 5556. Wenzako wanafanya hivyo hivyo, ila wao wanaandika anwani ya IP ya mashine yako.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho, kwenye Linux andika ss -ltn, kwenye Windows netstat -an, utafute namba ya poti. Ukiona 127.0.0.1:5557, hiyo ni ile seva ya faragha. Ukiona 5556 ikiwa na 0.0.0.0, nyota au mabano yenye nukta pacha mbele yake, seva iko wazi kwa wote. Mstari huo mmoja unamaliza ubishi wa nusu saa.

Kwenye Linux kuna jambo moja zaidi. Freeciv hugawanywa vifurushi kadhaa, na unaweza kuwa na freeciv-client-gtk3 bila kuwa na freeciv-server. Hapo hata mchezo wa peke yako unagoma, ukilalamika kwamba seva haikuwashwa. Sakinisha kifurushi cha seva, basi.

Seva imewaka, bado hawaingii

Anza na anwani. Kuna anayewasomea wenzake 127.0.0.1 kwa sababu ndiyo aliyoiona. Namba hiyo kwa kila kompyuta maana yake ni "mimi mwenyewe", kwa hiyo kila mmoja anajipigia hodi nyumbani kwake. Anwani halisi utaipata kwa ipconfig kwenye Windows au hostname -I kwenye Linux, na kwenye hotspoti ya simu mara nyingi huanzia 192.168. Hotspoti ikizimwa na kuwashwa upya namba inaweza kubadilika, kwa hiyo usiitegemee ya jana.

Orodha ya seva za karibu, ile inayotakiwa kujijaza yenyewe, usiingoje. Inategemea tangazo ambalo seva hulituma kwa mashine zote za mtandao huo, na ruta nyingi hulimeza. Orodha kuwa tupu haina maana kwamba seva haipo. Andika IP kwa mkono.

Sasa sikiliza namna unavyokataliwa, maana zipo mbili. Ukijibiwa papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, umefika kwenye mashine sahihi lakini hakuna anayesikiliza poti hiyo: seva haijawashwa, au namba ya poti si yenyewe. Ukiachwa unasubiri kimya, ujumbe wako umepotelea njiani: faiwoli, mlinzi wa kompyuta anayezuia wageni kutoka nje, imeuzuia, au mtandao wenyewe hauruhusu mashine kuongea. Tofauti hii inaonekana vizuri mwenyeji akiwa na Linux. Windows kwa kawaida inakaa kimya katika hali zote mbili, kwa hiyo huko thibitisha kwanza kwa netstat kabla ya kuilaumu faiwoli.

Na mara nyingi ni faiwoli kweli. Seva inapowashwa mara ya kwanza, Windows huuliza kama uiruhusu, na mtu mwenye haraka hubofya "Cancel". Tangu hapo imezuiwa na haulizwi tena. Ingia kwenye mipangilio ya faiwoli, itafute freeciv-server katika orodha ya programu zinazoruhusiwa, uweke tiki pande zote mbili, "Private" na "Public". Hiyo ya pili ina sababu yake: hotspoti ya simu Windows huihesabu kuwa mtandao wa hadharani. Kwa mwenye Linux aliyewasha faiwoli iitwayo ufw:

sudo ufw allow 5556/tcp

Kama mko kwenye Wi-Fi ya hosteli, ya maktaba au ya mgahawa, na yote hayo mmeyafanya, jueni kwamba mitandao ya namna hiyo mara nyingi inawatenganisha watumiaji kwa makusudi. Kila mmoja anauona intaneti, ila hakuna anayemwona jirani yake. Hapo hakuna mpangilio wa Freeciv utakaowasaidia. Tumieni hotspoti ya simu ya Android, ambayo kwa kawaida haina ukuta huo. Habari njema kwa wenye bando la kupimapima ni kwamba mchezo unazunguka kati ya laptopu zenu tu. Mnaweza kuzima data kwenye simu na hotspoti ikaendelea. Tena zimeni kweli, la sivyo Windows nne zitaanza kupakua masasisho na bando la wiki litaisha kabla hamjagundua gurudumu.

Amefika mlangoni, akarudishwa

Ujumbe ukitaja "capability" na kumshauri asasishe, matoleo hayalingani. Mwenye 2.6 haingii kwenye seva ya 3.0, na wa 3.0 haingii kwa wa 3.1. Ndani ya familia moja, tuseme 3.0 na vitoto vyake, hakuna tabu. Hili linawapata sana watu wanaochanganya Linux na Windows, kwa kuwa hazina ya programu za Linux inaweza kuwa nyuma ya faili lililopakuliwa jana. Amueni toleo moja, mmoja alipakue, wengine wachukue kwa flashi.

Akiambiwa jina halifai, aangalie herufi ya kwanza. Jina la kuingilia haliruhusiwi kuanza na tarakimu, na herufi ziwe zile za kawaida tu. 2Fasta atakataliwa, Fasta2 atapita.

Rafiki yuko mji mwingine

Kwa modemu au laini ya simu, jiandae kushindwa kuwa mwenyeji. Makampuni mengi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo hakuna namba unayoweza kumpa rafiki yako ikamfikisha kwako moja kwa moja. Fungua poti utakavyo kwenye ruta, mlango wa nje si wako. Njia zilizopo: mtandao wa faragha kama ZeroTier au Tailscale, ambao unazifanya mashine zenu zionane kana kwamba ziko chumba kimoja; au seva ya kukodi; au kuingia kwenye seva za wengine zinazoorodheshwa ndani ya mchezo. Mimi napendelea ya kwanza. Freeciv ni mchezo wa zamu, hautumi vingi, na mtandao ukisuasua sekunde kadhaa hakuna atakayekufa kwa ajili hiyo.

Wote wameingia, mchezo hauanzi, au unaanza na mtu asiyejulikana

Kila mchezaji anatakiwa abofye "Start" kwake. Akibaki mmoja anayechagua bendera, wote mnamsubiri. Mwenyeji akichoka anaandika start kwenye dirisha la seva na safari inaanza.

Yule jirani mgeni mliyemkuta kwenye kisiwa ni kompyuta. Mpangilio unaoitwa aifill hujaza nafasi hadi idadi fulani, ambayo kwa kawaida ni 5. Angalia vizuri: hiyo ni jumla ya wachezaji wote, si idadi ya kompyuta. Mkiwa wanne mtaongezewa mmoja. Hamtaki mgeni? Kabla ya kuanza:

set aifill 0

Na kama hulioni taifa unalolitaka, Tanzania, Kenya au lolote, ni kwa sababu orodha ya kwanza ni kundi dogo la msingi. Katika dirisha la kuchagua taifa badilisha "Core" iwe "Extended", mamia yatashuka.

Amri hizi ukiziandika kwenye dirisha la seva hazina alama mbele. Ukiziandika kwenye sehemu ya kupigia soga ndani ya mchezo, weka mkwaju: /set aifill 0. Mchezaji wa kawaida akifanya hivyo seva inaweza kuitisha kura badala ya kutii. Nimewahi kuomba dakika tano kwa zamu nikapigiwa kura ya hapana na watu watatu waliokuwa wanakula chipsi zangu. Mwenyeji anaweza kukupa mamlaka kwa cmdlevel admin na jina lako.

Zamu haiishi

Mpangilio wa timeout ukiwa 0, na ndivyo unavyokuja, seva inasubiri milele mpaka kila mtu abofye "Turn Done" au Shift na Enter. Dawa:

set timeout 180

Namba ni sekunde. Mwanzoni mwa mchezo 60 zinatosha, mkifikisha miji kumi kila mmoja mtazililia 300.

Kama aliyekwamisha ameshatoka, tazama mpangilio wa turnblock kwa show turnblock. Ukiwa umewashwa, seva inamngoja hata aliyekatika. Uzime kwa set turnblock disabled, au mkabidhi kompyuta himaya yake kwa aitoggle na jina lake. Akirudi kwa jina lile lile la kuingilia anakikuta kiti chake. Akirudi kwa jina jipya, seva haimjui, hata kama amekaa pale pale mkekani.

Mnacheza, na mambo yanakwenda kombo

Hapa seva haina hatia tena.

Walowezi hawataki kujenga mji: bonyeza B ukiwa umewachagua. Wakikataa, mara nyingi ni kwa sababu mpo karibu mno na mji mwingine. Kipimo ni citymindist. Ikiwa 2, miji haiwezi kugusana. Ikiwa 3, iache vigae viwili katikati. Sababu nyingine ni kwamba umekanyaga ardhi ya mtu. Na usizunguke sana kutafuta mahali pazuri. Unaanza na walowezi wawili, wafanyakazi wawili na mpelelezi mmoja. Mpelelezi mbonyezee X atembee mwenyewe, wafanyakazi A wafanye kazi wenyewe, walowezi wa kwanza wajenge hapo hapo waliposimama. Aliyetembea zamu kumi kutafuta mto atamkuta mwenzake ana miji mitatu.

Ngumi imetokea juu ya mji: raia wamegoma, na mji uliogoma hauzalishi. Kwa kawaida raia wanne wa kwanza wa mji hutulia, kuanzia wa tano wanazaliwa na kinyongo, na kadiri miji yako inavyoongezeka uvumilivu unapungua. Watu wengi huona ngumi wakakimbilia kujenga hekalu, ambalo litachukua zamu nane mji ukiwa umegoma. Fanya kinyume. Kwanza fungua mji, bofya kigae kimoja kinacholimwa, mlimaji wake anageuka mtumbuizaji na ghasia zinaisha zamu hiyo hiyo. Pili, peleka asilimia 10 au 20 ya mapato kwenye anasa. Tatu, chini ya Despotism, yaani utawala wa kimabavu, askari anayekaa ndani ya mji humtuliza raia. Hekalu lifuate baada ya hapo, kwa utulivu. Ukiona viwango vya kodi havipandi kupita asilimia 60, huo ndio mpaka wa Despotism, si hitilafu.

Mji umefika raia 8 ukadumaa: unahitaji mfereji wa maji. Kuna aina za bei nafuu kwa mji ulio kando ya mto au ziwa, kwa hiyo soma orodha yote kabla ya kulipia ule wa ghali. Ukifika 16 utaulizwa mfumo wa majitaka.

Majengo yanatoweka: hazina imekauka na seva inauza ili kulipa gharama. Angalia mapato ya kila zamu, si dhahabu uliyo nayo.

Rafiki amekuchukulia mji na hamjawahi kugombana: kwa kawaida mchezo huanza nyote mkiwa kwenye hali ya vita. Hakuna haja ya kuitangaza, ipo tayari. Mkishakutana ramani­ni, bonyeza F3, mchague, bofya "Meet", muanze na kusimamisha mapigano. Hilo ni la zamu 16 tu! Likiisha bila mkataba wa amani, vita inarudi yenyewe, na usimwite mwenzako msaliti kabla hujahesabu. Mji usio na askari hata mmoja unachukuliwa na askari yeyote wa adui apitaye, na ukiwa na raia mmoja tu hauchukuliwi, unafutika.

Umeme umekatika

Laptopu ya mwenyeji ikizimika, mchezo wa wote umezimika. Basi seva ikae kwenye mashine yenye betri nzima, hata kama mwenye mashine hiyo ndiye asiyejua kucheza. Tena iwashe ukiielekeza folda ya kuhifadhia, kwa sababu ukiiwasha kwa mkono huhifadhi hapo hapo ilipowashiwa, na kesho utayatafuta mafaili kila mahali:

freeciv-server -p 5556 -s ~/freeciv-ijumaa

Ndani ya seva weka set saveturns 1 ili kila zamu ihifadhiwe. Umeme ukirudi, ingia kwenye folda hiyo, tafuta faili lenye namba kubwa zaidi baada ya herufi T, ulifungue:

freeciv-server -p 5556 -f jina-la-faili

Kila mtu aingie kwa jina alilokuwa nalo, herufi kwa herufi. Aliyesahau aandike /list, aone majina ya viongozi, kisha /take na jina la kiongozi wake. Faili la zamu ya mwisho likikataa kufunguka, huenda umeme ulikatika likiwa linaandikwa. Chukua la zamu iliyotangulia. Aliyekuwa ameteka mji kwenye zamu iliyopotea atapiga kelele, mwacheni.